Gari Moja, Funguo Tatu: Jinsi ya Kumpata Dereva Mkuu Kabla ya Kujaza Fomu ya Bima

Familia nyingi za Nairobi zina gari moja linaloendeshwa na watu watatu. Logibuku ina jina la Baba, ambaye siku hizi anakaa Machakos na huja mjini mara mojamoja. Bima analipa Dada, kwa kuwa ndiye mwenye mshahara. Lakini ukipita Kahawa Sukari saa kumi na mbili asubuhi, anayelitoa gari langoni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ni Kaka mdogo. Mwaka wa bima ukiisha, ajenti anatuma fomu, na ndani yake mna swali la nani atakayeliendesha gari mara nyingi. Kila mtu anamtazama mwenzake, na mwishowe linaandikwa jina la Baba, kwa heshima tu.

Dereva mkuu ni yule anayeshika usukani siku za kawaida za wiki. Kuwa na jina kwenye logibuku hakumfanyi mtu dereva mkuu, wala kulipa ada, wala kuwa mkubwa wa nyumba. Hatua zilizo hapa chini ni za kuwasaidia mkubaliane juu ya hilo, kisha mliandike mahali panapostahili.

Hatua ya 1: Watenganisheni watu watatu

Chukueni karatasi, mwandike majina matatu hata kama mawili yatakuwa ya mtu mmoja.

Wa kwanza ni mwenye gari. Huyu ni yule ambaye NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inamtambua kwenye logibuku, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vingine. Gari likimgonga mtu Thika Road, wakili wa aliyeumia ataanza kwa kutafuta rekodi za namba hiyo ya gari, na hati ya madai itaandikwa jina la mwenye logibuku pamoja na la dereva. Kwa hiyo Baba anaweza kushtakiwa kwa ajali iliyotokea Roysambu yeye akiwa shambani. Afadhali alijue hilo mapema kuliko kulisikia kwa mleta hati.

Wa pili ni mwenye bima, yaani yule ambaye mkataba umeandikwa kwa jina lake. Ni lazima awe na maslahi katika gari, kwa maana kwamba gari likiharibika ni yeye anayepata hasara. Dada akitaka kukata bima kwa jina lake ilhali logibuku ni ya Baba, kampuni ina haki ya kuuliza kwa nini. Baadhi hukubali barua ya idhini kutoka kwa Baba, nyingine hupendelea bima iwe na majina yote mawili. Ulizeni kabla ya kulipa. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo na benki au sacco imo kwenye logibuku, mkopeshaji naye lazima atajwe, na gari likiibwa au kuharibika kabisa yeye ndiye atakayefikiwa kwanza na fidia.

Wa tatu ni dereva mkuu, na huyu hapatikani kwenye hati yoyote. Anapatikana barabarani.

Hatua ya 2: Fuateni ufunguo, msifuate kumbukumbu

Ukiuliza mezani nani anaendesha zaidi, kila mtu atajitaja au atamtaja mzee. Kumbukumbu za familia hupendelea safari kubwa: Krismasi ya kwenda Kakamega, harusi ya Embu, matanga. Hizo ndizo safari Baba huendesha, na ndizo zinazokumbukwa. Lakini gari haliko barabarani kwa ajili ya Krismasi. Liko barabarani kwa ajili ya Jumanne.

Kwa hiyo angalieni mwezi mmoja wa kawaida, usio wa likizo ya shule, na msome alama ambazo gari limejiachia. Ujumbe wa M-Pesa wa kulipia mafuta utaonyesha nani alikuwa kwenye pampu. Malipo ya maegesho kwa kaunti yataonyesha gari lilishinda mjini siku zipi na yalitoka simu ya nani. Kama mnapita Nairobi Expressway, ile inayotoka Mlolongo hadi Westlands, ushuru wake nao una kumbukumbu. Na kama gari lina traka, kile kifaa kinachoonyesha gari liko wapi, basi kazi imekwisha. Hapo kuna jambo ambalo watu husahau: traka hiyo mara nyingi imewekwa kwa masharti ya kampuni ya bima. Msiandike kwenye fomu kwamba gari hukaa Machakos ilhali traka inalionyesha linalala Kahawa kila usiku.

Ikiwa wawili wanakaribiana, amueni kwa maswali haya, kwa mpangilio huu. Nani analiendesha wakati wa msongamano wa asubuhi na jioni? Gari linalala nyumbani kwa nani? Nani ambaye gari lisipokuwepo siku hiyo, itambidi apande matatu? Swali hilo la mwisho ndilo nilipendalo, kwa sababu halina heshima wala aibu ndani yake. Mtu hujijua.

Na kama bado wako sawa kabisa, andikeni wote wawili na mseme hivyo. Hakuna sheria inayowalazimu kubuni mkubwa mahali ambapo hayupo.

Msimsahau dereva wa kuajiriwa. Nyumba nyingi za Lavington, Runda na South C zina mtu anayepeleka watoto shule, anarudi, anampeleka Mama sokoni, kisha anawafuata watoto tena. Huyo ndiye dereva mkuu, hata kama hana uhusiano wa damu na mtu yeyote pale nyumbani. Leseni yake ndiyo ya kukaguliwa kwanza, na jina lake linastahili kuwa kwenye fomu.

Hatua ya 3: Ulizeni gari linafanya kazi gani

Kwangu hii ni nzito kuliko zote, na inashangaza jinsi watu wanavyoipita.

Ndugu zetu walio Uingereza hulijua swali la dereva mkuu kwa ukali zaidi. Kule bei ya bima hufuata sana dereva: umri wake, miaka aliyokaa na leseni, mahali anapoishi. Bima ya kijana huwa ghali mno, na wazazi hujaribiwa kujiandika wao kuwa madereva wakuu ili mtoto aonekane ni wa kuazima tu. Kampuni za huko huhesabu hilo kuwa ulaghai, na zinaweza kufuta bima au kukataa fidia. Shangazi aliye London akipiga simu kuwashauri, ndiyo hali anayoizungumzia.

Hapa Nairobi hesabu ni nyingine. Bima kubwa ya gari la binafsi, ile ajenti huita komprehensivu, hutozwa hasa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme gari limekadiriwa Sh 1,200,000 na kampuni inatoza asilimia 4. Ada ni Sh 48,000. Ongezeni ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, ambao ni Sh 96, mchango wa mfuko wa kufidia wenye bima wa asilimia 0.25, ambao ni Sh 120, na stempu ya Sh 40. Jumla ni Sh 48,256. Tazameni hesabu hiyo tena: jina la dereva halimo. Ndiyo maana kudanganya kuhusu dereva mkuu hapa kwetu ni biashara ya hasara kuanzia mwanzo. Unajiingiza katika hatari ya kukataliwa fidia ili uokoe pesa ambazo pengine hata hukuwa unatozwa.

Kinachobadilisha bei hapa, na kinachoangusha madai, ni matumizi. Bima ya gari la binafsi inahusu safari za nyumbani, za kwenda kazini na za starehe. Kaka mdogo akiwasha programu ya teksi Ijumaa jioni na kubeba abiria wa kulipa kutoka Westlands, gari limegeuka la biashara. Hata kama ni Ijumaa tu, na hata kama ni "kutafuta ya mafuta". Mama akilijaza marobota ya mitumba kutoka Gikomba kupeleka dukani kwa wateja wake, swali ni lilelile. Ziko bima za magari ya teksi na za kubeba mizigo, na ni ghali zaidi, lakini zinalipa siku ya mambo kuharibika.

Kwa hiyo kila jina mliloandika Hatua ya 1 na ya 2, liulizeni: unalitumia kufanya nini? Msiulize kwa ukali. Kijana aliyebanwa mbele ya wazee atasema "hapana, mimi naenda tu kazini", na programu iko kwenye simu yake. Mpeni nafasi ya kusema pembeni.

Hatua ya 4: Kagueni leseni na umri

Kila anayeshika ufunguo alete leseni yake, ionekane kwa macho. Angalieni tarehe ya kuisha na daraja: mwenye daraja la gari la otomatiki pekee hana ruhusa ya kuendesha la gia za mkono, na hilo litaulizwa. Mwenye leseni ya mwanafunzi hawezi kuhesabiwa kama dereva.

Kisha someni sehemu ya mkataba inayohusu eksesi, yaani kile kiasi mnachobeba wenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Nyingi huongeza eksesi ya pili kama aliyekuwa akiendesha ni kijana au mtu ambaye leseni yake bado ni changa. Umri na miaka hiyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo tafuteni maneno yenyewe kwenye karatasi yenu. Tuseme eksesi ya kawaida kwenye gari lile la Sh 1,200,000 ni asilimia 2.5, nayo ni Sh 30,000, na ya kijana ni Sh 10,000 juu yake. Kaka akikwaruzana na matatu na matengenezo yakafika Sh 150,000, nyumba itatoa Sh 40,000. Hilo ndilo jambo la kupanga mezani: nani atazitoa? Ni bora likubaliwe sasa, watu wakinywa chai, kuliko siku gari linavutwa na breki-dauni.

Ziko kampuni zinazouza nyongeza ya kufuta eksesi. Ikiwa dereva mkuu wenu ni kijana, ulizeni kama nyongeza hiyo inafuta na ile eksesi ya kijana. Jibu lije kwa maandishi.

Hatua ya 5: Zungumzeni na Baba

Ugumu uliobaki hauhusu bima. Mzee aliyenunua gari kwa jasho lake anaweza kusikia "dereva mkuu ni Kaka" kama vile amenyang'anywa. Mfafanulieni kwamba fomu haiulizi gari ni la nani. Ujumbe kama huu unatosha, na unaweza kutumwa na Dada:

"Baba, habari za huko. Bima ya gari inaisha mwezi ujao. Gari linabaki jina lako na bima pia itakuwa na jina lako pamoja na langu. Kwenye fomu kuna mahali wanauliza nani analiendesha kila siku, na hapo tungependa kumwandika Kaka kwa sababu ndiye analipeleka kazini. Tukiandika wewe, siku akipata ajali kampuni inaweza kusema tulificha. Tunaomba ruhusa yako tuijaze hivyo, halafu nitakutumia nakala uisome."

Msimtumie fomu iliyokwisha kujazwa ili aweke sahihi tu. Sahihi yake ni tamko kwamba kila kilichoandikwa ni kweli, na yeye ndiye atakayeulizwa.

Hatua ya 6: Jazeni fomu kama inavyouliza

Kampuni hazitumii maneno yaleyale. Moja itauliza dereva mkuu ni nani. Nyingine itauliza kama kuna mtu mwingine atakayeendesha mara kwa mara zaidi ya mwenye bima. Nyingine itauliza tu kama kuna dereva aliye chini ya umri fulani, au aliyewahi kupata ajali au kuhukumiwa kwa kosa la barabarani. Jibuni lililoulizwa, lakini msiishie hapo kama mnajua jambo ambalo mtu wa bima angependa kulijua. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu: anayeomba ndiye anayelijua gari lake na watu wake, kampuni inamtegemea aseme.

Mkataba wenyewe mara nyingi utaruhusu "mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima", mradi ana leseni halali. Watu husoma maneno hayo wakaona mambo yote yamekwisha. Hayajaisha. Maneno hayo yanaruhusu Kaka aendeshe, lakini hayafuti tamko la uongo lililotolewa kabla mkataba haujaandikwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ni hapo ambapo madai mengi hukwama.

Kama nafasi ya fomu ni ndogo, ambatisheni karatasi:

"Gari hili lina madereva watatu. Anayeliendesha siku nyingi ni mwanangu, mwenye umri wa miaka 23, mwenye leseni tangu 2023, kwa safari za kwenda na kurudi kazini. Binti yangu huliendesha wikendi. Mimi huliendesha nikiwa Nairobi. Gari hulala Kahawa Sukari. Halibebi abiria wala mizigo kwa malipo."

Badilisheni kila sentensi iwe ya kwenu. Ile ya mwisho iandikeni tu ikiwa ni kweli.

Tumeni kwa baruapepe, hata kama ajenti ni jirani yenu. Ajenti hufanya kazi kwa niaba ya kampuni, broka kwa niaba yenu, lakini maneno mliyomwambia mmoja wao mkiwa kwenye kahawa hayana shahidi. Ajenti akiwaambia "andikeni mzee tu, itapita haraka", mwombeni naye aandike hivyo. Hataandika.

Kabla ya kulipa thibitisheni kwamba kampuni, ajenti au broka ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Lipeni moja kwa moja kwa kampuni, kwa maana kisheria bima haianzi kabla ya ada kulipwa.

Hatua ya 7: Kagueni kilichorudi

Cheti cha bima siku hizi ni cha kidijitali na huja kwa simu au baruapepe. Familia nyingi hukitazama tarehe, zikakituma kwenye kundi la WhatsApp, basi. Subirini mkataba wenyewe na ratiba yake, yaani ukurasa wenye maelezo ya gari lenu na bima yenu. Angalieni majina, namba ya gari, matumizi yaliyoandikwa, na kama yale mliyotamka kuhusu madereva yamo. Kampuni ikikuta gari halijakadiriwa, mara nyingi hutoa cheti cha muda kwanza. Mpelekeni dereva mkuu kwenye ukadiriaji, ndiye mwenye kulijua gari.

Wenye thadipati, ile bima ndogo ya kufidia watu wengine tu, wasidhani mwongozo huu hauwahusu. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha kila gari lililo barabarani liwe na bima ya kufidia watu wengine wanaoumia au kufa, na kikomo chake ni Sh 3,000,000 kwa mdai mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, kilichobaki ni juu ya mlioshtakiwa. Sheria hiyo hairuhusu kampuni kumkwepa majeruhi kwa sababu ya umri wa dereva tu. Italipa, kisha inaweza kuwageukia nyinyi na kudai pesa zake. Na kama iligundua kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo kubwa, inaweza kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba haifungwi na mkataba huo.

Hatua ya 8: Ufunguo ukibadilisha mkono

Kaka akipata kazi Mombasa mwezi wa Agosti na Dada akaanza kulipeleka gari Upper Hill kila siku, msisubiri mwaka uishe. Ujumbe mmoja kwa kampuni, mkiomba karatasi ya marekebisho ambayo wao huita endosimenti. Fanyeni hivyo pia gari likihama mahali linapolala, mtoto akipata leseni na kuanza kupewa ufunguo, au mtu akianza biashara nalo.

Kumwazima binamu gari kwenda Kiambu Jumapili moja hakumfanyi dereva mkuu, na hakuna haja ya kuandika barua. Mtazameni leseni tu.

Hatua ya 9: Ajali ikitokea

Aliyekuwa akiendesha ndiye anayeripoti polisi, ndiye anayejaza sehemu ya dereva kwenye fomu ya madai, na ndiye jina lake linaloingia kwenye abstrakti, ile karatasi ya polisi kuhusu ajali. Msibadilishane viti. Nimeona familia ikimweka mzee kwenye usukani kabla polisi hawajafika, kwa kuwa leseni ya kijana ilikuwa imeisha. Kampuni hutuma mpelelezi, naye anazungumza na mlinzi wa petroli stesheni, na bodaboda waliokuwa pale, na mwenye kibanda. Bodaboda hukumbuka.

Fomu ya madai itauliza tena: dereva huyu huliendesha gari hili mara ngapi, na kwa ruhusa ya nani? Toeni ile karatasi ya Hatua ya 6 na mjibu kwa maneno yaleyale. Kampuni ikikataa madai na mkaona haijawatendea haki, iandikieni kwanza kampuni yenyewe, mpate jibu lenye sababu. Jibu lisiporidhisha, pelekeni malalamiko IRA mkiambatisha fomu, karatasi ya madereva na baruapepe mliyoitumia siku ile.